Simu mpya ya bei mbaya, ya bei ya kati, au kaka yake wa mwaka juzi?

Kila simu kubwa inapozinduliwa, ndugu na jamaa hunikumbuka. "Kaka, vipi hii, inafaa?" Hawaulizi kama ni nzuri. Uzuri wameshauona kwenye tangazo, na kwenye uzuri tangazo halidanganyi sana. Wanachotaka kujua ni pesa ya ziada inakwenda wapi, ile tofauti kati ya simu hii na ile wanayoweza kuinunua bila kukopa wala kuuza kitu. Wa mwisho kuuliza alikuwa mdogo wangu wa kike. Nilivyomsikia, alikuwa ameshaamua na anatafuta tu mtu wa kumwitikia. Nikamwambia asubiri kidogo. Nilichomjibu kilikuwa kirefu kuliko alivyotegemea, na hiki hapa, kimenyooshwa ili kimfae na mwingine.

Wengi wakilinganisha huweka mezani simu mbili: ya juu kabisa na ya kati. Mimi huweka tatu. Ya tatu ni simu ya juu kabisa ya miaka miwili iliyopita, iwe imebaki dukani kwenye boksi lake au imeshatumika. Huyu kaka mtu ndiye mshindani halisi wa simu mpya, na ndiye asiyetajwa kabisa siku ya uzinduzi. Kampuni ile ile iliyomtengeneza itamtajaje?

Hesabu ya dola moja

Nianze na mfano ambao hauna haja ya maelezo mengi. Oktoba 2023 Google ilitoa Pixel 8 kwa dola 699 na Pixel 8 Pro kwa dola 999, kwa bei za Marekani. Mei 2024 ikatoa Pixel 8a kwa dola 499. Zote tatu zina chipu (ubongo wa simu) ile ile, Tensor G3. Zote tatu ziliahidiwa masasisho, yaani matoleo mapya ya programu na ya usalama, kwa miaka 7. Tena kwa kuwa 8a ilizaliwa nyuma, ahadi yake inafika Mei 2031 ilhali ya 8 Pro inaishia Oktoba 2030. Mdogo mtu atamzika kaka yake.

Kwa bei ya 8 Pro moja unanunua 8a mbili na kurudishiwa chenji ya dola 1. Au unanunua moja sasa, unaitumia miaka mitatu, kisha unatoa pesa iliyobaki unanunua nyingine ya wakati huo, yenye betri changa na chipu changa.

Zile dola 500 za ziada zilinunua nini basi? Kioo cha inchi 6.7 badala ya 6.1. RAM (memori ya kufanyia kazi) ya GB 12 badala ya 8. Mgongo wa kioo badala ya plastiki, ambao ukianguka ndio utajua plastiki ilikuwa na maana gani. Kamera ya tatu yenye lenzi ya kuvuta mara 5. Na kipimajoto. Ndiyo, kipimajoto: unakielekeza kwenye kitu, simu inakwambia kina joto kiasi gani. Sijakutana na mtu aliyekitumia wiki ya pili.

Si kila simu ya kati iko karibu hivyo na ile ya juu, nisimdanganye mtu. Nyingine hupewa chipu dhaifu na kamera za kujazia nafasi. Lakini mfano huu unaonyesha kitu kimoja: ukitoa jina na mng'aro, ile tofauti ya bei huwa imesimama juu ya vitu vitatu au vinne tu. Kazi ya mnunuzi ni kuvijua kwa majina, kisha ajiulize hivyo vitu yeye hukutana navyo mara ngapi kwa wiki.

Kamera: pesa inapoonekana na inapofichwa

Kwanza ile namba inayopendwa na matangazo. Galaxy S23 Ultra na S24 Ultra, simu za juu za Samsung, zina kamera kuu ya megapikseli 200, yaani vinukta milioni 200 vya kuunda picha. Ukipiga picha ya kawaida, inatoka na megapikseli 12 na ushee. Zilizobaki hazikuibiwa. Simu imechukua pikseli 16 zilizo jirani ikazifanya moja, ili zisaidiane kukusanya mwanga. 200 gawanya kwa 16 unapata 12.5. Sasa chukua simu ya kati yenye megapikseli 50. Nayo huunganisha, ila pikseli 4 kuwa moja. 50 gawanya kwa 4: 12.5. Nimeshashuhudia watu wakibishana hadi kununiana juu ya 200 na 50, kumbe picha zao kwenye simu zina ukubwa ule ule.

Kinachotofautisha ni ukubwa wa kihisi chenyewe, kile kipande kilicho nyuma ya lenzi kinachopokea mwanga. Kihisi kikubwa ni beseni, kidogo ni kikombe. Mvua ikinyesha kweli kweli vyote vinajaa. Yakiwa manyunyu, mwenye beseni ndiye atakayekuwa na maji ya maana. Ndiyo maana mchana wa jua kali simu ya kati inaweza kukutoa jasho kuitofautisha na ya juu, na ndiyo maana picha za mifano kwenye maduka huwa za mchana.

Nilifanya jaribio dogo nyumbani kwa mdogo wangu. Simu tatu: mpya ya juu, ya kati ya mwaka ule ule, na ya juu ya miaka miwili nyuma. Nje, juani, nilipiga ua, ukuta na uso wa mtu. Nilipozihamishia picha kwenye kompyuta bila majina, nilikosea mara mbili kusema ipi imetoka wapi. Jioni tukaingia chumbani. Taa moja ya darini, na mpwa wangu wa miaka minne anarukaruka kitandani kama kawaida yake.

Simu ya kati ilinipa kitanda safi, mto safi, pazia safi, na katikati wingu lenye miguu. Ni simu iliyokuwa na kitulizaji cha lenzi, kile kinachosogeza lenzi kidogo kidogo kufuta mtetemo wa mkono, nacho kilifanya kazi yake barabara. Lakini kitulizaji hutuliza mkono wako wewe. Mtoto hakitamtuliza. Kwa kuwa kihisi kilikuwa kikombe, simu ililazimika kukusanya mwanga kwa muda mrefu zaidi, na katika muda huo mtoto alikuwa ameshapanda na kushuka. Simu mpya ikanipa uso, macho, hata pengo la jino. Ni vidole tu vilivyopotea kwenye ukungu. Na ile ya miaka miwili nyuma? Uso, macho, pengo. Nililazimika kukuza picha hadi kona ya chini, kwenye kivuli cha kitanda, ndipo nikaona mpya imepunguza chengachenga kidogo.

Jambo la pili linalolipiwa ni kuvuta mbali. Mahafali, mtoto yuko jukwaani, wewe umekaa safu ya nyuma kabisa. Simu isiyo na lenzi ya kuvuta haivuti, inakata tu: inachukua kipande cha katikati ya picha na kukitanua, kama kukuza picha ya kitambulisho hadi iwe bango. Simu nyingi za kati hazina lenzi hiyo. Za juu kabisa zinazo, na hapa tena usidhani mpya lazima imzidi kaka yake. S23 Ultra ilikuwa na lenzi ya kuvuta mara 10 yenye megapikseli 10. S24 Ultra ikaiondoa na kuweka ya mara 5 yenye megapikseli 50, ikitegemea kukata kidogo ili kufika 10. Kwenye mara 5 mpya ilishinda wazi. Kwenye 10 ubishi haukwisha. Walichofanya ni kubadilisha, na kwenye tangazo badiliko lolote huitwa maendeleo.

Kuhusu zile kamera nne mgongoni mwa simu ya bei rahisi: ukiona moja ni ya megapikseli 2, ihesabu kama urembo.

Kasi ambayo hatuihitaji na ile tunayoihitaji

Chipu ya simu ya juu ina nguvu kupita kazi tunazoipa. Ujumbe, ramani, benki, picha, video fupi, kupiga simu (bado wapo wanaopiga): chipu ya kati ya leo inazimaliza zote bila kuhema. Anayecheza michezo mizito saa nzima, au anayehariri video ndefu kwenye simu, huyo anaisikia tofauti, na namwambia alipe bila kinyongo. Wengine tunanunua gari la mashindano la kwendea sokoni.

Kinachoizeesha simu kabla ya wakati ni hifadhi yake ya ndani, kitu ambacho wauzaji hutaja kwa GB tu, hawasemi aina. Kwenye simu za Android aina kuu ziko mbili. Ya zamani ni eMMC, ambayo kwa kasi yake nzuri husoma karibu MB 300 kwa sekunde. Ya kisasa ni UFS: toleo la 3.1 hufika karibu 2,000 na la 4.0 hupita 4,000. Tena eMMC ni daraja la njia moja. Ikiwa inaandika haisomi, ikiwa inasoma haiandiki, magari ya upande wa pili yasubiri. UFS hupitisha pande zote mbili kwa pamoja.

Mwezi wa kwanza hutaona kitu. Subiri mwaka wa pili, picha zimejaa, magrupu yanamwaga video usiku na mchana. Unabonyeza kamera. Kioo kinakuwa cheusi. Moja, mbili, tatu... kamera inafunguka, na ulichotaka kukipiga kimeshaondoka. Hapo mtu anasema simu za bei hii ndivyo zilivyo, anaapa mara ijayo atanunua ile ya juu kabisa. Hakuhitaji ya juu kabisa. Alihitaji ya kati yenye UFS na hifadhi ya kutosha.

Ningesema GB 128 ni ya kuanzia na 256 ni ya kulala usingizi, hasa kwa kuwa simu nyingi za juu hazina tena nafasi ya kadi ya memori. S24 Ultra haina. Galaxy A55, simu ya kati ya nyumba hiyo hiyo na mwaka huo huo, inayo. Kwenye hili wa kati kamshinda wa juu, na si mara moja tu utaliona hilo. Redmi Note 13 Pro+ huchaji kwa wati 120 na S24 Ultra kwa wati 45. Pixel 8a ya dola 499 ina kioo kinachojichora mara 120 kwa sekunde, ilhali iPhone 15 ya dola 799 iliishia mara 60.

Kioo na maji nitayapita haraka. Kioo cha simu ya juu hung'aa zaidi juani, na anayefanya kazi nje anajua thamani yake. Ila kioo hicho hicho ndicho deni usiloliona: Apple ilikuwa ikitoza dola 379 Marekani kubadilisha kioo cha iPhone 15 Pro Max ambayo haikukatiwa bima. Kwa pesa hiyo watu wananunua simu nzima ya heshima. Kuhusu maji, ile alama ya IP68, ya simu kustahimili vumbi na maji, hupimwa kwa maji yasiyo na chumvi, yaliyotulia, simu ikiwa mpya. Gundi huchoka, na simu ikishafunguliwa na fundi usiipeleke tena kuogelea. Dhamana za kampuni nyingi hazilipi simu iliyoingia maji, hata iliyoandikwa IP68.

Umri

Hapa ndipo simu ya juu ina hoja nzito, na ndipo ninapotaka usome polepole.

Simu haifi siku kioo kinapopasuka. Hufa siku masasisho ya usalama yanapokoma na programu ya benki inapoanza kuikataa. Samsung iliahidi miaka 7 ya masasisho kwa S24, yaani hadi 2031. A55 ilipewa matoleo 4 ya Android na miaka 5 ya usalama. iPhone 6s ya 2015 iliendelea kupokea matoleo mapya hadi iOS 15 ya 2021, na iPhone XS ya 2018 ikafikishwa hadi iOS 18 ya 2024. Upande wa pili zipo simu za bei ya chini ambazo husasishwa mara moja au mbili, kisha zikasahauliwa kama mtoto wa kambo.

Kwa hiyo gawa bei kwa miaka. Tuseme simu ya juu ni 1,000 na utakaa nayo miaka 6: karibu 167 kwa mwaka. Ya kati ni 400 na utakaa nayo miaka 3: karibu 133 kwa mwaka. Pengo lililoonekana kama bonde sasa ni mtaro unaorukika. Lakini hesabu hii ina sharti moja ambalo watu hulikanyaga: ukae kweli hiyo miaka 6. Mtu anayebadilisha simu kila baada ya miaka miwili amelipia miaka 7 na kutumia 2, na bei ya kuuzia haitamrudishia alichoacha. Simu hupoteza thamani nyingi mwanzoni kabisa. iPhone hushuka taratibu zaidi kuliko nyingi za Android, lakini nazo hushuka.

Na saa ya masasisho huanza kuhesabu siku simu inapozinduliwa, si siku unapoitoa kwenye boksi. S23 Ultra ilitoka Februari 2023 ikiwa na ahadi ya miaka 5 ya usalama, basi mwisho wake ni mwanzoni mwa 2028 hata kama umeinunua jana. Ukimwendea kaka mtu, hilo ndilo la kwanza kuuliza.

La pili ni betri. Betri ya lithiamu huchoka kwa kuchajiwa na kwa joto, haijali uliinunua bei gani. Apple husema betri za iPhone 14 na za kabla yake zimekusudiwa kubaki na asilimia 80 ya uwezo baada ya mizunguko 500 ya chaji (mzunguko mmoja ni chaji nzima kutumika). Kuanzia iPhone 15 wanasema mizunguko 1,000. Umoja wa Ulaya, kuanzia 20 Juni 2025, unazitaka simu mpya zinazouzwa huko zifikishe mizunguko 800 zikiwa na asilimia 80, na vipuri vipatikane kwa miaka 7 baada ya simu kuacha kuuzwa. Wengi bado wanaikumbuka Desemba 2017, Apple ilipokiri kwamba ilikuwa ikipunguza kasi ya iPhone zenye betri zilizochoka ili zisijizime ghafla. Mwaka uliofuata ikawa inabadilisha betri kwa dola 29, na watu waliokuwa wamekata tamaa wakagundua simu zao hazikuwa zimezeeka, zilikuwa na njaa tu.

Kelele za uzinduzi

Mwenyewe niliwahi kupanga foleni. Sitaitaja kampuni, iliyonipata ilinipata. Niliinunua wiki ya kwanza kwa bei kamili, kwa sababu ya kitu kimoja kilichoonyeshwa jukwaani. Kitu hicho kilikuja kwenye sasisho la miezi mitano baadaye, kikiwa kimechelewa na kimechoka. Kufika hapo simu yenyewe ilikuwa imeshashuka bei, na mwenzangu ofisini aliyesubiri akanunua ile ile na kubakiwa na pesa ya kava, chaja na mlo.

Historia imejaa watu kama mimi. iPhone ya kwanza ilianza kuuzwa 29 Juni 2007, ya GB 8 kwa dola 599. Tarehe 5 Septemba mwaka huo huo, hata siku 70 hazijatimia, ikashushwa hadi 399. Waliowahi walilalamika mpaka Steve Jobs akawapa dola 100 za kununulia vitu vya Apple. Galaxy Note 7 ilitoka Agosti 2016 ikiwa ya juu kuliko zote za Samsung. Septemba ikaanza kurudishwa kwa sababu betri zilikuwa zinashika moto, Oktoba ikazikwa kabisa. Galaxy Fold ya dola 1,980 ilipaswa kuuzwa Aprili 2019. Vioo vya waandishi waliopewa kuijaribu vikaharibika, baadhi wakiwa wamebandua utando wa juu wakidhani ni ile karatasi ya dukani. Ikaingia sokoni Septemba.

Siku hizi kelele ni za akili unde (AI). Apple iliitangaza yake Juni 2024, na iPhone 16 ikauzwa Septemba kwa jina la simu iliyotengenezwa kwa ajili hiyo. Siku mteja alipofungua boksi haikuwemo. Sehemu ya kwanza ilikuja mwisho wa Oktoba, tena kwa Kiingereza cha Marekani peke yake, na ile Siri mpya (msaidizi wa sauti wa iPhone) iliyovutia wengi, ilipofika Machi 2025 Apple ikatangaza kuiahirisha. Galaxy S24 nayo ilijitapa kwa kutafsiri mazungumzo ya simu papo hapo, ikianza na lugha 13. Kiswahili hakikuwemo. Kwa hiyo ukiona maajabu jukwaani, uliza maswali mawili: kipo ndani ya boksi leo? Na kinanielewa nikisema kwa lugha yangu?

Ukiamua kwenda kwa kaka mtu

Kama ni simu iliyotumika, usilipe kabla hujafanya haya. Piga *#06# ulinganishe namba ya IMEI na iliyoandikwa kwenye boksi au kwenye risiti. Mwambie muuzaji aifute yote mbele yako na kuiwasha upya. Ikidai nenosiri la akaunti ya mtu usiyemjua, mrudishie na uage kwa heshima. Fungua picha nyeupe tupu ijaze kioo chote. Ukiona kivuli cha herufi au alama za programu zilizokaa hapo miaka, kioo kimeungua. Rekodi sauti yako usikilize. Chomeka chaja na uitikise kidogo. Angalia afya ya betri, na ikiwa iko chini ya asilimia 80, toa gharama ya betri mpya kwenye bei mnayopatana. Mwenye simu ataguna. Mwache agune.

Na kava nunua siku hiyo hiyo.

Basi uchukue ipi?

Mpya ya juu kabisa namshauri mtu wa aina mbili. Wa kwanza ni anayekula kwa simu: anapiga picha na video za kazi, na picha moja iliyoharibika ni mteja aliyepotea. Wa pili ni yule anayekaa na simu mpaka iote mvi, miaka 6 au 7, na nimewaona wapo. Hata hawa nawaambia wasubiri miezi mitatu minne baada ya uzinduzi, hasa kwa Android, ambako bei hulegea mapema.

Ya kati, yenye UFS na ahadi ya masasisho ya miaka isiyopungua 4, inawafaa walio wengi, wakiwemo wengi wanaoamini haiwafai. Kama simu yako huanguka mara kwa mara, kama unamnunulia mwanafunzi, kama picha zako ni za mchana na za kutuma kwenye grupu ambako zitabanwa hata hivyo, hapa ndipo pako. Wanaofanya kazi kwenye vumbi na wenye watoto wadogo wanaochezea simu, vivyo hivyo.

Kaka wa mwaka juzi ni wa mtu mwenye jicho la kamera lakini mfuko wa kawaida, aliye tayari kukagua kabla ya kulipa na kubadilisha betri mara moja. Akibaki na miaka 3 ya masasisho, mimi binafsi huyu ndiye ninayemchukua. Akibaki na mwaka mmoja, namwacha hata akiuzwa kwa bei ya kutupa.

Mdogo wangu alisoma yote haya, akanijibu kwa neno moja: "Haya." Wiki mbili kimya. Nikadhani ameshachukua ile mpya na anaona haya kuniambia. Juzi usiku ikaingia picha bila maneno. Chumba kile kile, taa ile ile ya darini, mpwa wangu yuko hewani juu ya kitanda. Mkono wa kushoto umepotelea kwenye ukungu, uso uko safi, na pengo sasa ni mapengo mawili. Nikakagua taarifa za picha kuona imepigwa na simu gani. Ilikuwa ya mwaka juzi.